Taa, Umeme P

WAYA: Haloo? Ni nani?

MJOMBA: Haloo! Haloo! Waya?

WAYA: Ni nani mwenzangu? Namba siijui.

MJOMBA: Ongea kwa nguvu! Mtandao wa huku mbovu!

WAYA: Nimesema NI NANI?

MJOMBA: Mjomba wako! Mjomba wako wa damu, kaka yake mama yako! Kumbe namba yangu umeshaifuta?

WAYA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Upo? Haloo?

WAYA: Nimesema shikamoo.

MJOMBA: Sasa sikiliza, sina muda. Uko wapi saa hizi?

WAYA: Miaka miwili hujanitafuta, halafu hata marahaba huna. Haya.

MJOMBA: Nini?

WAYA: NIKO KAZINI.

MJOMBA: Kwenye kile kibanda? Bado unabandika vioo vya simu?

WAYA: Nabandika vioo, nabadilisha betri, natengeneza redio. Na sasa hivi mteja amekaa hapa mbele yangu anakusikiliza wewe. Unapiga kelele mno, mjomba.

MJOMBA: Mwambie asubiri. Kioo hakiozi. Mimi nina kazi ya watu wazima hapa. Simu nimeiweka spika, iko juu ya meza ya mitambo. Niko ukumbini.

WAYA: Ukumbini.

MJOMBA: Ule ule. Ulitaka niende wapi? Mwaka wa kumi na tisa huu niko juu ya kijukwaa hiki, harusi, mikutano, mahafali, vyote vimepita mikononi mwangu. Sasa wameleta meneja mpya, mama mmoja hivi, anatembea na karatasi. Karatasi imesema mitambo imezeeka, fundi amezeeka, vyote vitolewe. Kuna mtu ameshaahidiwa kiti changu, Waya! Kiti nilichokikalia mpaka sponji ikaisha!

WAYA: Pole.

MJOMBA: Nikamwambia, mama, usinunue kitu. Nipe wiki mbili, nakutengenezea ikwalaiza kwa mikono yangu. Akauliza ni mdudu gani. Nikamwambia ni mashine ya kugawa sauti: besi kivyake, ya kati kivyake, nyembamba kivyake, kila moja unaipandisha au unaishusha upendavyo. Akasema sawa. Leo saa tisa anakuja kusikiliza. Ikimpendeza nabaki. Isipompendeza, nikabidhi funguo.

WAYA: Sasa ni saa nane na nusu.

MJOMBA: Ndiyo maana nakwambia mteja wako asubiri!

WAYA: Na umeitengeneza?

MJOMBA: Ipo mbele yangu. Nimeifunga kwenye boksi la chuma la betri, nimelipaka rangi nyeusi, uso wake umenyooka kama umetoka dukani. Vya kusukuma juu na chini vitano. Na juu ya kila kimoja safu ya vitaa: vitatu kijani, kimoja njano, kimoja nyekundu. Besi iko kushoto, nyembamba kulia mwisho. Sauti ikipanda, taa zinapanda. Ikizidi, nyekundu hiyo. Ungeiona ungelia.

WAYA: Safu tano, taa ishirini na tano.

MJOMBA: Umejuaje?

WAYA: Nilizichora mimi.

MJOMBA: Ulichora, sikatai. Kuchora na kutengeneza ni vitu viwili. Hata mimi naweza kuchora ndege.

WAYA: Kwa hiyo daftari langu la kijani unalo.

MJOMBA: Uliliacha.

WAYA: Sikuliacha, mjomba. Nilitolewa nje. Anayetolewa nje kwa mkono wa mlinzi hapewi nafasi ya kurudi kuchukua daftari.

MJOMBA: Hayo mambo ya kale, usiyafufue, nimekwambia sina muda. Nakupigia kwa sababu mchoro wako una kasoro. Upande wa umeme hauna neno, nimeufanya vizuri kuliko ulivyouchora: transfoma, dayodi nne, kapasita mbili kubwa kama vikombe, volti kumi na tano chanya, kumi na tano hasi, sufuri yangu katikati. Nimepima mara tatu. Kasoro iko kwenye saketi yako ya taa. Safu ya mwisho, ile ya sauti nyembamba, inawaka yenyewe.

WAYA: Yenyewe vipi?

MJOMBA: Yenyewe! Hakuna muziki, hakuna kipaza sauti, nimechomoa kila kitu, yenyewe imewaka mpaka nyekundu. Safu nne zimelala, ya tano inacheza ngoma isiyopigwa. Meneja akiona hivyo nimekwisha.

WAYA: Iwashe nione. Namaanisha, nisikie.

MJOMBA: Haya, nawasha. Spika za ukumbi ziko wazi, muziki sijaweka. Moja, mbili—

[Swichi inabofya. Mluzi mwembamba unaanza, mkali, haupumui.]

WAYA: Aii!

MJOMBA: Umeona sasa? Safu ya mwisho, taa zote tano zimewaka. Na ukumbi kimya, hata nzi hakuna.

WAYA: Kimya?

MJOMBA: Kimya kabisa. Hata ule mvumo wa umeme mbovu hakuna. Mimi umeme nauchuja, si mchezo. Ndiyo maana nasema ni taa zako zinazodanganya.

WAYA: [kimya]

MJOMBA: Haloo? Mtandao huo tena. Waya?

WAYA: Nipo. Mteja wangu ameniuliza kama kuna gari la wagonjwa linapita.

MJOMBA: Gari gani?

WAYA: Achana naye. Mjomba, na huo mluzi?

MJOMBA: Upi?

WAYA: Mluzi.

MJOMBA: Aah, mluzi. Ndiyo. Huo mdogo. Huo nimeuona.

WAYA: Umeuona.

MJOMBA: Nimeusikia, bwana, unanishika maneno ya nini? Huo niliuacha makusudi, nitaumaliza mwishoni.

WAYA: Sawa. Hebu shusha kile cha tatu, cha katikati. Polepole. Mpaka chini.

MJOMBA: Nashusha... nashusha... kimefika.

WAYA: Ehee. Umekata sasa, si ndiyo?

MJOMBA: Umekata.

WAYA: Kabisa?

MJOMBA: Kabisa. Hapo hapo uliposema. Unaona? Na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho cha tatu.

[Mluzi unaendelea.]

WAYA: Mjomba.

MJOMBA: Naam.

WAYA: Haujakata.

MJOMBA: Huo ni mtandao wako.

WAYA: Zima mashine.

MJOMBA: Ya nini sasa—

WAYA: Zima!

[Swichi. Kimya.]

WAYA: Washa.

[Swichi. Mluzi.]

WAYA: Zima. Haya. Mtandao gani huo unaowashwa na kuzimwa na kidole chako? Unapiga mpaka meno yananiuma, mjomba, na mimi niko upande wa pili wa mji. Wewe umesimama katikati yake unaniambia kimya, hata nzi hakuna.

MJOMBA: Nilikuwa nimegeuka. Na hili feni—

WAYA: Tangu lini?

MJOMBA: Tangu lini nini?

WAYA: Tangu lini husikii?

MJOMBA: Shika adabu yako! Mimi nasikia! Besi naisikia, ukiweka kiganja juu ya spika unaihesabu kabisa. Watu nawasikia wakiongea kama watu. Ni zile nyembamba tu ndizo... zinakuja zinaondoka. Masikio huwa yanajaa maji. Nikioga.

WAYA: Unaoga tangu lini?

MJOMBA: [anacheka kidogo, anaacha] Usinifanyie hivyo, Waya.

WAYA: Tangu lini?

MJOMBA: Miaka mitano. Sita hivi.

WAYA: Subiri. Usiseme kitu. Subiri kwanza nihesabu.

MJOMBA: Tuna dakika ishirini na tatu, hesabu gani—

WAYA: Mahafali yale, siku niliyotolewa nje, yalikuwa miaka miwili iliyopita.

MJOMBA: Nilijua utafika huko.

WAYA: Nilikuwa nimesimama kulia kwako. Mkononi nina fomu ya chuo, imebaki wiki moja tu uisaini, nimalize mafunzo yangu ya vitendo hapo kwako. Nikakushika bega, nikakwambia, mjomba, kuna mluzi, punguza. Ukaniambia nini?

MJOMBA: Sikumbuki.

WAYA: Unakumbuka.

MJOMBA: Kulikuwa na watu wengi, kila mtu anasema lake—

WAYA: Ukaniambia nina masikio ya popo, nikae kando nisikuaibishe mbele za watu. Nikakaa kando. Zilipita dakika kumi, spika sita ndogo za sauti nyembamba zikatoa moshi. Sita, mjomba! Zilikuwa zinapigiwa huo mluzi wako muda wote. Watu wameziba masikio, watoto wanalia, wewe unatikisa kichwa kwa raha. Nikadhani huyu mzee ana roho ngumu. Kumbe ulikuwa ndani ya kimya chako peke yako.

MJOMBA: Punguza sauti, mteja wako anasikia.

WAYA: Asikie! Yeye anasikia! Halafu meneja wa wakati ule akapanda jukwaani akauliza, ni nani? Na wewe ukanyoosha kidole.

MJOMBA: Nilichanganyikiwa.

WAYA: Kidole hakikuchanganyikiwa. Kilikuja moja kwa moja. "Ni huyu msichana, ameshika asichokijua." Mbele ya walimu, mbele ya wazazi wa watu. Chuo kikanirudisha nyuma mwaka mzima. Mama mpaka leo nikigusa redio yake ya jikoni ananiambia taratibu, mwanangu, usije ukaunguza. Mimi! Watu wanatoka huko na huko kuniletea redio zilizokufa, mama yangu ananificha yake.

MJOMBA: Dada ana maneno tu, anakupenda.

WAYA: Kila asubuhi nilikuwa nakuamkia.

MJOMBA: Nini?

WAYA: KILA ASUBUHI. Nikiingia pale mlangoni nakwambia shikamoo, nawe unaendelea kupanga nyaya zako. Miezi mitano. Nikajiambia huyu mjomba anajiona mkubwa, hataki kuitikia salamu ya mtoto wa dada yake.

MJOMBA: Ulikuwa unaniamkia?

WAYA: Kila siku iliyokuja.

MJOMBA: Una sauti nyembamba, mama.

WAYA: Najua.

MJOMBA: Ya bibi yako ilikuwa hivyo hivyo. Ya kwake ndiyo ya kwanza kupotea. Nikawa naona midomo inaenda tu.

WAYA: Kwa hiyo ndiyo maana ukataka taa.

MJOMBA: Nilipofungua daftari lako nikaziona, nililala nalo kifuani kama kitabu cha dini. Nikasema huyu mtoto amenichorea masikio na hajui. Nyekundu ikiwaka najua imezidi. Ikibaki kijani najua iko sawa. Sisikii, nasoma. Meneja atasema shusha nyembamba kidogo, nitashusha huku natazama taa, na hatajua. Hakuna atakayejua. Ni wewe tu sasa.

WAYA: Tuna dakika ngapi?

MJOMBA: Kumi na nane.

WAYA: Washa. Ngoja nimpe mteja simu yake aende. [mbali na simu] Njoo kesho, kaka. Hapana, hakuna aliyekufa. Kesho. [karibu] Haya, umewasha?

[Mluzi.]

WAYA: Umewasha. Sasa chomoa waya unaopeleka umeme kwenye taa. Taa zote, ishirini na tano zote.

MJOMBA: Nizime taa? Bila taa mimi—

WAYA: Chomoa tu, tunatafuta mgonjwa.

[Mluzi unakatika ghafla.]

WAYA: Kimya. Rudisha.

[Mluzi.]

WAYA: Chomoa.

[Kimya.]

WAYA: Basi nimeshaujua ugonjwa. Taa zote, hata zilizolala, zinavuta umeme kwa pupa, chipu za sauti zinabaki zinatetemeka, na zikitetemeka zinapiga mluzi. Taa zako hazidanganyi hata kidogo. Safu ya mwisho inawaka kwa sababu kuna sauti nyembamba kweli. Zilikuwa zinakuambia.

MJOMBA: [taratibu] Zilikuwa zinaniambia.

WAYA: Umeme wa taa umeuchukua wapi?

MJOMBA: Pale pale, kwa kapasita. Kama ulivyoandika.

WAYA: Sikuandika hivyo.

MJOMBA: Umeandika! Ninalo daftari hapa, ngoja nivae miwani. Ukurasa wa... huu. Umechora transfoma, umechora sauti, halafu pembeni kwa peni nyekundu: "Taa, umeme P." Nikakaa na hiyo P siku nzima. Nikasema P ni pamoja. Taa, umeme pamoja. Na transfoma nilikuwa nayo moja, ikanifaa.

WAYA: Ukasoma pamoja.

MJOMBA: Si pamoja? Mtu akiandika P kwenye umeme, ni nini kingine? Umechora vibaya au mimi nimesoma vibaya?

WAYA: [kimya]

MJOMBA: Waya, usininyamazie, mtandao—

WAYA: Siyo mtandao. Nafikiri. Nakuuliza kitu kimoja kwanza, mjomba, halafu nakwambia.

MJOMBA: Uliza upesi.

WAYA: Tukimaliza hapa, utampigia mama.

MJOMBA: Nimpigie dada? Nimwambie nini?

WAYA: Umwambie spika zile uliziunguza wewe. Maneno manne tu, hata usitaje masikio. Sema "spika niliziunguza mimi, dada." Basi. Nami nakutengenezea sasa hivi, na nitakuwa nakuja kila Jumamosi kukusikilizia mitambo. Hakuna atakayejua. Nakuapia.

MJOMBA: Wewe unafikiri ni kitu kidogo.

WAYA: Ni maneno manne.

MJOMBA: Dada akijua, kesho shemeji anajua. Keshokutwa saluni nzima inajua. Jumatatu meneja ananiuliza, fundi, eti uliunguza spika halafu ukamsingizia mtoto? Hapana. Hapana, Waya.

WAYA: Kwa hiyo mimi nibaki hivi hivi.

MJOMBA: Hivi vipi? Una kibanda, una wateja, si unakula? Sikiliza nikwambie ukweli kwa kuwa wewe ni damu yangu. Siku ile nilipima. Kwa sekunde ile moja, meneja ananitazama, nilipima. Msichana wa miaka ishirini na mbili akifukuzwa, anatafuta kwingine, au anaolewa. Mimi nikifukuzwa, nazikwa. Nikachagua. Na ikirudi leo, nachagua vile vile.

WAYA: Vile vile.

MJOMBA: Na usinitishe na mama yako. Ukimwambia, nitasema mtoto ana kinyongo, anazusha. Ataniamini mimi. Unajua kabisa ataniamini mimi. Nimemlea yule.

WAYA: [kimya kirefu]

MJOMBA: Haya, usinune. Zimebaki dakika kumi na moja. P ni nini?

WAYA: [kwa sauti ndogo] Ni peke yake, mjomba.

MJOMBA: Nini?

WAYA: [ndogo zaidi] Peke yake. Taa zilitakiwa zipewe umeme wake peke yake. Hata chaja ya simu hiyo unayoongelea ingetosha, ichomeke tu kwenye taa, mluzi wote unakwisha. Dakika tatu.

MJOMBA: Sikupati! Sema kwa nguvu!

WAYA: NASEMA UMESOMA VIZURI. PAMOJA.

MJOMBA: Ah! Nilijua! Nikaanza kujishuku bure. Sasa mluzi unatoka wapi?

WAYA: Rudisha waya wa taa. Washa kila kitu.

[Mluzi.]

MJOMBA: Nimewasha. Safu ya mwisho inawaka, mpaka nyekundu.

WAYA: Karibu na ile transfoma kuna rizista mbili zimekaa sambamba. Za rangi ya maziwa.

MJOMBA: Naziona.

WAYA: Ya kushoto ichomoe, uigeuze, uirudishe.

MJOMBA: Kuigeuza? Rizista haina mbele wala nyuma, Waya, hilo nililijua kabla hujazaliwa.

WAYA: Kwenye mchoro wangu ina. Pasi ya kuyeyushia risasi si ina moto? Nani ana masikio hapa, mimi au wewe?

MJOMBA: Haya, haya. Nageuza. Ngoja... bado kidogo... risasi imeshika. Nimegeuza. Nawasha. Sasa?

[Mluzi.]

WAYA: Umepungua.

MJOMBA: Umepungua?

WAYA: Sana. Sasa kile cha kulia kabisa kipandishe mpaka juu.

MJOMBA: Cha nyembamba? Si ndiyo nitauongeza?

WAYA: Unaubana. Pandisha.

[Mluzi unapanda.]

WAYA: Hapo.

MJOMBA: Hapo?

WAYA: Hapo hapo. Umekata.

MJOMBA: Umekata kweli? Usinidanganye kama mwanzo.

WAYA: Mwanzo nilikuwa nakupima. Sasa kimya.

MJOMBA: Lakini taa zinawaka, Waya. Safu ya mwisho bado. Nyekundu hiyo, inanikodolea macho.

WAYA: Hizo sasa ni taa tu. Zimezoea. Kata ule waya wa safu ya mwisho, zizime.

MJOMBA: Nikate? Umesema mwenyewe hazidanganyi.

WAYA: Kabla ya rizista. Kata, au meneja azikute zinawaka na muziki hakuna. Chagua.

MJOMBA: Nikuamini wewe, au niamini taa?

WAYA: Taa si damu yako.

MJOMBA: [anacheka] Kweli. Kweli hiyo. Haya, nakata.

[Mkasi.]

MJOMBA: Zimezima. Ah! Angalia sasa, safu zote zimelala. Uso safi. Waya, mwanangu, una roho nzuri. Nilikuwa najua utanuna kidogo tu. Wewe ni fundi. Sijawahi kukwambia, leo nakwambia, wewe ni fundi kuliko mimi.

WAYA: Asante.

MJOMBA: Baada ya hapa nitakuita urudi. Nitamwambia meneja nina msaidizi. Jumamosi kama ulivyosema.

WAYA: Ameshafika?

MJOMBA: Ndiyo huyo nasikia... namwona mlangoni. Na wale wawili wa ofisini. Usikate simu, kaa kwenye laini, naiweka mfukoni. Kitu chochote kikienda vibaya piga kelele, mimi nitajifanya nakohoa nakuja kusikiliza. [mbali] Karibu, mama! Karibuni! Iko tayari tangu asubuhi, nawasubiri ninyi tu!

[Mluzi. Nyayo zinakaribia, zinasimama.]

MJOMBA: [mbali] Hapana, hapana, muziki sijaweka bado. Nataka kwanza msikie ilivyotulia. Huo ndio ufundi wenyewe, mama, fundi unamjua kwa kimya chake. Sikilizeni... Hata nzi hakuna.

[Mluzi. Kiti kinaanguka.]

MJOMBA: [mbali] Mama? Nini? Semeni kwa nguvu, mtandao... samahani, namaanisha... [anakohoa. Karibu, upesi] Waya! Waya, mbona wote wameziba masikio? Wananipungia mikono. Waya, ni nini?

WAYA: Salio linaisha, mjomba.

MJOMBA: Linaisha vipi? Mimi ndiye niliyepi—

[Laini imekatwa.]